Nyumba yake, udongo wa mwingine: somo la wazee wa Marekani kwa familia za Kivu

Nchini Marekani, watu karibu milioni 20 wanakaa ndani ya nyumba ambazo hazikujengwa na fundi kwenye kiwanja. Zilitengenezwa kiwandani, kuta, dari, choo na jiko vikiwa tayari, kisha zikavutwa na lori hadi mahali zinapokaa leo. Wengi kati ya wakaaji hao ni wazee waliokwisha kuacha kazi. Katika majimbo ya joto kama Florida, Arizona na California kuna mitaa mizima ya nyumba za namna hiyo, iliyotengwa kwa ajili ya watu wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Humo kuna barabara safi, ukumbi wa mikutano, bwawa la kuogelea, majirani wa rika moja, na utulivu ambao mzee yeyote angeutaka baada ya miaka 40 ya kazi.

Kwa mbali, hayo ni maisha ya kutamanisha. Lakini kuna jambo moja ambalo halionekani kwenye picha. Mara nyingi mzee wa mtaa huo ni mwenye nyumba, ila si mwenye udongo ulio chini yake. Nyumba ameinunua, pengine kwa akiba yake yote. Kiwanja anakikodi, na kila mwezi analipa. Siku kodi ya kiwanja inapopanda, yeye hana pa kuhamia, na nyumba yake haina pa kwenda.

Wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Bunia wana sababu mbili za kuliangalia jambo hili kwa makini. Ya kwanza ni ya kifamilia. Kwa zaidi ya miaka kumi, makumi ya maelfu ya Wakongomani waliokimbia vita vya mashariki wamepokelewa Marekani wakitoka kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali, Kiziba au Gihembe. Mzazi aliyefika huko na miaka 45 sasa anakaribia 60. Watoto wake wanatafuta mahali pa kumweka, na nyumba ya kiwandani ni kati ya zile chache ambazo mfuko wao unaweza kufikia. Sababu ya pili ni ya hapa hapa: swali la nani mwenye udongo limeumiza familia za Kivu na Ituri kuliko swali lingine lolote la nyumba.

Nyumba isiyokuwa na haki juu ya ardhi haiwezi kuitwa usalama wa uzeeni. Wazee wa Marekani wameligundua hilo kwa gharama kubwa, na baadhi yao wamepata dawa yake. Ugonjwa na dawa vyote viwili vinafaa kujulikana huku.

Nyumba ya magurudumu isiyotembea

Zamani nyumba hizi ziliitwa trela, au nyumba za kutembea. Watu walizivuta nyuma ya gari, wakaenda nazo kutafuta kazi au jua. Nyingi zilikuwa dhaifu na zilishika moto kwa urahisi. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuweka kanuni za ujenzi na usalama, na tangu tarehe 15 Juni 1976 kila nyumba inayotoka kiwandani kwa namna hiyo inapaswa kufuata kanuni za taifa zinazosimamiwa na wizara ya makazi, HUD. Ndiyo maana nyumba hizo zina kibati kidogo chekundu kilichogongwa kwa nje. Kibati hicho kinaonyesha kwamba nyumba ilikaguliwa.

Leo si vibanda tena. Nyumba kubwa inafika kwa vipande viwili vinavyounganishwa mahali pake, na ndani ina vyumba vitatu vya kulala, mabafu mawili, jiko la kisasa na mashine ya kupoza hewa. Mwaka 2023 nyumba mpya iliuzwa kwa wastani wa dola karibu 124,000, bila kiwanja. Katika nchi ambako nyumba ya kawaida inaweza kugharimu mara tatu au nne zaidi, bei hiyo ni mlango ulio wazi kwa mtu wa kipato kidogo.

Jina la zamani ndilo linalodanganya. Nyumba hii iliyoitwa ya kutembea haitembei. Ikishawekwa juu ya matofali, magurudumu yanaondolewa, mabomba na nyaya vinaungwa, ngazi na baraza vinajengwa, na mikanda ya chuma inaifunga ardhini ili upepo usiibebe. Kuiondoa kunahitaji vibali, lori maalumu na mafundi, na gharama inaweza kupita dola 10,000. Nyumba ikiwa ya zamani, huenda isistahimili safari, na mitaa mingine inakataa kuipokea.

Mkaaji wa Goma atashangaa. Nyumba ya mbao ya Goma, ambayo hakuna anayeiita ya kutembea, inabomolewa ubao kwa ubao, mabati yanashushwa, misumari inanyooshwa, na kila kitu kinabebwa kwa chukudu hadi kiwanja kingine. Katika hilo, mpangaji wa kiwanja huko Majengo ana uhuru kidogo ambao mzee wa Florida hana.

Kwa nini wazee wanaipenda mitaa hiyo

Mashariki mwa Kongo watu wengi husema kwamba Wazungu wanatupa wazazi wao. Maneno hayo ni mepesi mno. Mtaa wa nyumba za kiwandani kwa wazee si nyumba ya kutunzia wagonjwa. Mara nyingi mzee amechagua mwenyewe kwenda. Aliuza nyumba kubwa ya kaskazini, mahali pa theluji, akanunua ndogo mahali pa joto, na pesa iliyobaki ikawa akiba. Anajipikia, anaendesha gari lake, anacheza karata na majirani jioni. Akianguka bafuni, jirani wa umri wake atagundua asubuhi kwamba dirisha halikufunguliwa. Kwa mjane asiyekuwa na mtoto karibu, hilo ni jambo kubwa.

Sheria yenyewe imejengwa juu ya umri. Mwaka 1988 Marekani ilikataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto, lakini ikaacha mlango kwa makazi ya wazee. Sheria ya mwaka 1995 ikafafanua: mtaa wa miaka 55 na zaidi unakubaliwa ikiwa angalau asilimia 80 ya nyumba zenye watu zina mtu mmoja au zaidi mwenye umri huo. Kwa hiyo wajukuu wanaweza kutembelea, lakini kwa siku zilizoandikwa katika kanuni za mtaa. Siku zikiisha, wanarudi kwao.

Familia ya Kikongomani inapaswa kuisoma kanuni hiyo mara mbili kabla ya kutia sahihi. Bibi aliyezoea kulea wajukuu, na wazazi wao wakiwa kazini usiku kwenye kiwanda cha nyama au ghala la mizigo, hawezi kufanya hivyo katika mtaa wa namna hiyo. Mtoto wa kiume mwenye miaka 30 anayetaka kuishi na mama yake ili amtunze anaweza kukataliwa na mwenye mtaa. Kinachompa Mmarekani utulivu kinaweza kumpa mama wa Uvira upweke.

Mtego uko chini ya miguu

Shida kubwa, hata hivyo, ni hesabu ya kodi. Chukua mfano wa mzee anayepokea dola 2,000 kwa mwezi, kiasi kilicho karibu na wastani wa pensheni ya taifa ya Marekani mwaka 2025. Kiwanja anakikodi kwa dola 700. Pensheni inaongezwa kila mwaka kufuatana na bei za sokoni, na kwa mwaka 2025 iliongezwa asilimia 2.5. Tuseme iendelee hivyo, na kodi ya kiwanja ipande asilimia 6 kwa mwaka. Baada ya miaka kumi pensheni itakuwa karibu dola 2,560, na kodi karibu dola 1,254. Mwanzoni udongo ulikula dola 35 katika kila dola 100 za mzee. Baada ya miaka kumi unakula 49, na hajaongezewa hata mita moja ya kiwanja.

Angekuwa mpangaji wa kawaida, angefunga mizigo na kutafuta nyumba nyingine. Yeye hawezi. Akiondoka, anaiacha nyumba aliyoinunua. Akitaka kuiuza, mnunuzi lazima akubaliwe na mwenye kiwanja, lazima awe na umri unaotakiwa, na lazima akubali kulipa kodi ile ile iliyomfukuza muuzaji. Kadiri kodi inavyopanda, ndivyo bei ya nyumba inavyoshuka, kwa kuwa kila mnunuzi anajumlisha vyote viwili. Kwa njia hiyo akiba ya mzee inahamia polepole mfukoni mwa mwenye udongo, bila mtu yeyote kuvunja mlango.

Wenye pesa walilitambua hilo mapema. Zamani mitaa mingi ilikuwa mali ya familia moja, mara nyingine ikikaa papo hapo na wapangaji wake. Leo mitaa mingi imenunuliwa na makampuni makubwa na mifuko ya uwekezaji. Equity LifeStyle Properties na Sun Communities, zenye hisa kwenye soko la New York, zina mamia ya mitaa na kambi za likizo. Kwa mwekezaji, biashara hii ina uzuri wake: miji mingi haitoi tena vibali vya mitaa mipya ya namna hii, kwa hiyo washindani ni wachache, na mteja hawezi kuondoka. Hata mifuko ya pensheni imeweka pesa humo. Inatokea basi kwamba akiba ya wazee wa jimbo moja inatafuta faida kwa kupandisha kodi ya wazee wa jimbo lingine.

Kuna watakaosema kwamba hakuna aliyelazimishwa. Mzee alisoma mkataba, akatia sahihi. Tena mwenye mtaa ana gharama zake: barabara, maji, taka, bima, ushuru. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kodi haiwezi kukaa mahali pamoja miaka 20, na mitaa mingine inatunzwa vizuri kuliko ilivyokuwa mikononi mwa wenye zamani. Lakini soko lina maana pale ambapo mnunuzi anaweza kusema hapana na kwenda kwa mwingine. Mzee ambaye nyumba yake haihamishiki alisema ndiyo mara moja tu, siku ya kwanza. Baada ya siku hiyo, bei inapangwa na upande mmoja. Majimbo machache yameweka mipaka ya kupandisha kodi hiyo. Sehemu kubwa ya nchi haina.

Mkopo kama wa gari, urithi wa kulipia

Kuna mambo mengine mawili ambayo familia iliyoko ugenini hugundua ikiwa imechelewa.

La kwanza ni mkopo. Katika majimbo mengi, nyumba ya kiwandani iliyo kwenye kiwanja cha kukodi inahesabiwa kama mali inayohamishika. Hati yake inafanana na ile ya gari, na mara nyingine inatolewa na ofisi ile ile. Kwa hiyo benki haitoi mkopo wa nyumba wenye riba ya chini na miaka 30 ya kulipa. Inatoa mkopo wa vitu, wenye riba ya juu na miaka michache zaidi. Mtu maskini anayenunua nyumba ya bei ndogo ndiye anayelipa riba kubwa.

La pili ni urithi. Mashariki mwa Kongo, mzazi akijenga, hata chumba kimoja cha mbao, anafikiria watoto. Katika mtaa wa wazee, mtoto anayerithi nyumba ya mama yake akiwa na miaka 40 huenda asiruhusiwe kukaa ndani yake. Anapaswa kuiuza. Na hadi atakapompata mnunuzi anayekubalika, kodi ya kiwanja inaendelea kuhesabiwa kila mwezi. Asipolipa, nyumba inaweza kuchukuliwa. Mzazi alidhani ameacha mali. Watoto wanaletewa karatasi ya deni.

Hapo pia inafaa kukumbuka jambo la pensheni. Ili mtu apate pensheni ya taifa ya Marekani kwa kazi yake mwenyewe, kwa kawaida anahitaji kuwa amefanya kazi na kulipa michango kwa miaka kumi. Mkimbizi aliyefika na miaka 60 akiwa na mgongo mbovu hataifikisha. Kwa familia yake, kodi ya kiwanja itatoka mifukoni mwa watoto, mwezi kwa mwezi, bila mwisho. Watoto hao hao ndio wanaotuma pesa Bukavu na Baraka kwa ajili ya karo na hospitali. Kila dola inayoenda kwa mwenye udongo wa Florida haifiki Kivu.

Bwasa ya Kizungu

Mkulima wa Bushi hahitaji mwalimu ili aelewe mtego huu. Katika Walungu na Kabare, tangu zamani watu wanatofautisha shamba la kalinzi na shamba la bwasa. Kalinzi inamfunga mtu na mwami, na shamba linaweza kupita kwa watoto. Bwasa ni ya muda: mtu analima msimu mmoja au miwili, analipa, anavuna maharagwe yake, anaondoka. Ndiyo sababu kwenye bwasa hakupandwi migomba wala kahawa. Anayepanda mgomba kwenye udongo wa bwasa amepandia mwingine.

Nyumba ya kiwandani kwenye kiwanja cha kukodi ni mgomba uliopandwa kwenye bwasa. Imejengwa kudumu miaka 40 au 50, lakini imesimama juu ya haki inayohesabiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Udongo wa kuazima nao hausitiri uzee.

Goma ina ushahidi wake, na ni mchungu. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilishuka, ikapita katikati ya mji, ikaingia ziwani. Nyumba za matofali na za mbao ziliungua pamoja, za matajiri na za maskini. Lakini moto ulipopoa, watu hawakuwa sawa. Mwenye kiwanja alirudi na kamba, akatafuta mpaka wake juu ya mawe meusi ambayo bado yalikuwa na joto, akaleta mbao na mabati, akaanza upya. Udongo wake ulikuwa umezikwa chini ya lava, lakini haki yake haikuungua. Mpangaji hakuwa na mpaka wa kutafuta.

Florida ina lava yake: upepo. Mwezi Agosti 1992 kimbunga Andrew kilisambaratisha mitaa ya nyumba za kiwandani kusini mwa jimbo hilo, hata serikali ikakaza kanuni za kuhimili upepo mwaka 1994. Tarehe 28 Septemba 2022 kimbunga Ian kilipiga pwani ya kusini magharibi, na nyumba za zamani ndizo zilizoumia zaidi. Baada ya dhoruba ya namna hiyo, mzee aliyepoteza nyumba kwenye kiwanja cha kukodi anabaki na nini? Hana nyumba. Udongo uliobaki si wake. Na kama mwenye mtaa anaona kwamba kiwanja kile kilicho karibu na bahari kinaweza kuuzwa kwa bei ya hoteli, mzee hana hata mahali pa kuweka hema.

Dawa inayofanana na likelemba

Habari njema ni kwamba si wazee wote waliokunja mikono. Mwaka 1984, huko Meredith, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, wakaaji wa mtaa mmoja wa trela walisikia kwamba mahali pao panauzwa. Badala ya kusubiri mwenye mpya, waliunda ushirika, wakapata mkopo kutoka mfuko wa maendeleo wa jimbo lao, wakanunua udongo wote kwa pamoja. Kila familia ikabaki na nyumba yake, na udongo ukawa wa ushirika. Kodi haikufutwa, kwa sababu mkopo lazima ulipwe na barabara lazima itengenezwe. Lakini tangu hapo kodi inapangwa kwa kura ya wakaaji wenyewe, na ziada haimwendei mtu wa mbali.

Mwaka 2008 likaanzishwa shirika la ROC USA ili kusaidia wakaaji wa majimbo mengine kufanya vile vile. Leo mitaa zaidi ya 300 imekuwa mali ya wakaaji wake kwa msaada huo. Si mingi, ukilinganisha na makumi ya maelfu ya mitaa iliyopo nchini humo. Tena si rahisi: wakaaji wanapaswa kukubaliana haraka, kupata mamilioni ya dola, na kushindana na makampuni yanayolipa taslimu. Lakini wameonyesha kwamba njia ipo.

Akina mama wa Kivu wanaijua njia hiyo kwa majina mengine. Wanaiita likelemba, wanaiita AVEC. Kila juma wanakaa chini ya mti au kwenye sebule ya mmoja wao, wanaweka sanduku lenye kufuli tatu katikati, wanahesabu franga, wanakopeshana. Pesa hizo zimelipa karo, zimefungua vibanda vya bidhaa, zimezika wafu. Mara chache mno zimenunua udongo. Hapo ndipo somo la Meredith linapogusa mashariki mwa Kongo. Wapangaji kumi wa nyumba za mbao katika avenue moja, wanaolipa kwa mtu mmoja miaka 15 mfululizo, wamekwisha kulipa kiwanja chake pengine mara mbili. Hawajawahi kukaa pamoja na kuuliza bei.

Ni kweli kwamba hapa kuna vizuizi ambavyo New Hampshire haina. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake, na raia anapewa haki ya kuutumia. Haki yenye nguvu ni ile iliyoandikwa kwenye hati ya kuandikishwa inayotolewa na ofisi ya ardhi. Wakaaji wengi wa miji ya mashariki hawana hati hiyo. Wana karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili, au fishi ya mkubwa wa kartie. Viwanja vinauzwa mara mbili. Mipaka inasogezwa usiku. Vita vimefukuza wenye viwanja, na wengine wamewekwa mahali pao. Kufuata hati kunagharimu pesa na viatu.

Lakini vizuizi hivyo ndivyo vinavyofanya hoja kuwa nzito zaidi. Mwalimu wa Kivu aliyefundisha miaka 35 na bado anasubiri kuachishwa kazi kwa heshima na malipo yake hana pensheni ya dola 2,000. Mjane wa mwanajeshi hana. Mama anayeuza makala sokoni Virunga hakuwahi kuandikishwa CNSS. Kwao, kiwanja kilichoandikwa kwa jina lao ndiyo pensheni. Wanaweza kupanda mboga, kukodisha chumba kimoja, kupokea mjukuu bila kuhesabu siku. Kumwacha mzee wa namna hiyo bila hati ni kumwacha kwenye bwasa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Kwa familia zilizoko Marekani, ushauri si kwamba nyumba ya kiwandani ni mbaya. Kwenye kiwanja kilichonunuliwa pamoja nayo, au katika mtaa ulio mali ya wakaaji, inaweza kuwa nyumba nzuri ya uzeeni kwa bei ambayo mfanyakazi wa ghala anaimudu. Kinachohitajika ni kuuliza kabla ya kufurahia jiko.

Udongo ni wa nani, na je, unauzwa? Kodi ya kiwanja ilikuwa ngapi miaka mitano iliyopita? Mkataba ni wa muda gani, na unasema nini juu ya kupandisha kodi? Mjukuu anaruhusiwa kulala siku ngapi? Mzee akifa, watoto wana muda gani wa kuuza, na nani anayemkubali mnunuzi? Nyumba ilitengenezwa mwaka gani, na inakubaliwa na bima? Muuzaji anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu.

Kwa mashirika ya Wakongomani huko, kuna kazi ya kufanya. Mara nyingi yanakutana kwa ajili ya misiba, arusi na siasa za nyumbani. Yangeweza pia kuwa na mtu mmoja anayejua kusoma mkataba wa nyumba kwa Kiingereza na kuueleza kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe au Mashi. Mzee anayetia sahihi karatasi asiyoielewa kwa sababu mtoto wa miaka 16 amemwambia ni sawa anastahili msaada mkubwa zaidi ya huo.

Kwa viongozi wa mashariki mwa Kongo, madai ni mawili na si mapya. Gharama za hati za kiwanja zipunguzwe kwa wazee, wajane na walemavu, na zibandikwe wazi mlangoni mwa kila ofisi, ili mtu ajue analipa nini na kwa nani. Na sheria itoe njia nyepesi kwa wapangaji wanaotaka kununua kiwanja kwa pamoja kama ushirika, wakipata hati moja yenye majina yao yote. AVEC tayari zinajua kuhesabu pesa. Zinachokosa ni mlango wa kuingilia kwenye ofisi ya ardhi.

Wazee wa Florida walianza na nyumba nzuri, wakafikia swali la udongo wakiwa na miaka 75 na magoti mabovu. Familia ya Goma au ya Uvira, iwe imebaki nyumbani au imevuka bahari, ina nafasi ya kuanza na swali hilo ikiwa bado na nguvu. Nyumba ya mbao kwenye kiwanja chenye hati inaweza kuwa ya matofali kesho. Nyumba yenye mabafu mawili kwenye kiwanja cha mtu mwingine inasubiri barua ya kupandishwa kwa kodi.